Kiti Kitupu Kinamuumiza Nani?

Kila msimu dabi ya Mashemeji ikikaribia, inboksi yangu hujaa swali lile lile: tunaenda ama tunasusia? Anayeuliza kutoka Kibera amevaa kijani na amechoka na ofisi ya Gor. Anayeuliza kutoka Kawangware amevaa buluu na nyeupe na amechoka na ofisi ya Ingwe. Malalamiko ni yale yale. Doo ya geti inaenda wapi? Mbona wachezaji wanalia mishahara? Hii klabu ni ya nani kwanza? Halafu mmoja anasema tuache uwanja ubaki mtupu mpaka wakubwa watoke, na mwingine anamjibu, "Sasa wewe ni shabiki aje kama huendi mechi?" Hapo urafiki unaingia doa.

Mimi nimezaliwa katikati ya hiyo vita. Baba ni wa Gatwekera, Kibera, Gor damu. Mama amelelewa Kawangware, pale Congo, na ndugu zake wote ni Ingwe. Jina Mashemeji si utani wa matangazo. Wajaluo na Waluhya wa Nairobi wameoana miaka mingi, kwa hivyo siku ya dabi mtu anakaa upande huu na shemeji yake yuko upande ule akimpigia isikuti. (Najua si kila mtu wa Kibera ni Gor wala kila mtu wa Kawangware ni Ingwe. Kuna Wanubi wa Makina ambao babu zao walikuwa hapo kabla klabu zote mbili hazijazaliwa, na wengine hawataki hata kusikia kelele zetu.) Baba alisusia uwanja miaka kadhaa iliyopita na hajarudi. Mjomba hajakosa mechi, hata ile miaka Ingwe ilikuwa inachapwa na kila timu. Kila mmoja anaamini ndiye anayeipenda klabu yake vizuri zaidi, na wakikutana kwetu Krismasi mama anazima redio kabla mtu hajataja mpira.

Nataka tuangalie historia kabla hatujachagua upande. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha, na kwa hili suala historia inasema mambo ambayo kelele za mtaa haziwezi kusema.

Kwanza, hizi klabu hazikuanzishwa na tajiri. Enzi za mkoloni na baada ya uhuru, mtu akija Nairobi kutafuta kazi alikuwa analala Kaloleni, Ziwani ama Shauri Moyo, mbali na kwao. Akifiwa, nani atasaidia kupeleka mwili nyumbani? Mtoto akikosa karo, nani atachanga? Hapo ndipo vyama vya watu wa nyumbani vilipata nguvu, na vyama hivyo vilikuwa na timu za mpira. Mwaka wa 1964 timu za Waluhya za hapa na pale ziliungana zikawa Abaluhya. Hiyo ndiyo timu ya Joe Kadenge, yule ambaye Leonard Mambo Mbotela alimtangaza redioni mpaka jina lake likawa msemo, na ambaye uwanja wa City, ule wa Jogoo Road, ulipewa jina lake baada ya kufariki 2019. Mwaka wa 1968 Luo Union na Luo Stars ziliungana zikawa Gor Mahia, na Tom Mboya ni miongoni mwa wanaotajwa kuwa walisukuma muungano huo. Gor ilichukua ligi mwaka huo huo wa kwanza.

Lakini hata muungano haukumaliza ubishi. Luo Union ilirudi tena kivyake, na si kurudi kinyonge: 1976 na 1977 ilichukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati. Kwa hivyo mtu akikuambia eti zamani mashabiki walikuwa kitu kimoja, mwambie akasome tena.

Halafu kuna siasa, na hapa huwezi kuelewa Kibera bila kuielewa. Mboya aliuawa Julai 1969. Oktoba mwaka huo, baada ya damu kumwagika Kisumu, chama cha KPU cha Oginga Odinga kilipigwa marufuku. Fikiria uko Nairobi, chama chako hakipo, ukikusanya watu kumi unaonekana mchochezi. Ni wapi pengine watu wako wangeweza kujaa maelfu, wapige kelele kwa lugha yao, na askari asimame tu akiangalia? Uwanjani. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "wacheni kwenda, ni mpira tu," najua hajaelewa anachowaomba wazee wetu. Kwa kizazi cha babu yangu, kukaa upande wa Russia pale City kulikuwa ni kuhesabiwa kama mtu.

Sasa ingia 1980. Serikali ya Moi iliamua vyama vya kikabila vivunjwe, na majina ya kikabila yatoke kwenye klabu. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Luo Union ikawa Reunion. Gor ilibaki na jina lake kwa sababu si jina la kabila, ni jina la mtu: Gor, yule mganga wa hadithi za Wajaluo. Watu hupenda kuisimulia hii kama stori ya majina tu. Mimi naona kitu kingine kilitokea hapo. Vile vyama ndivyo vilikuwa mzazi. Ndivyo vilikuwa na matawi, na wazee ambao kiongozi wa timu alikuwa anawaogopa. Mzazi alipoondolewa, timu zilibaki na watu wengi sana wa kuzipenda na watu wachache sana wa kuziuliza maswali. Klabu ikawa ya jamii kwa mdomo, ilhali jamii yenyewe haikuwa na ofisi, haikuwa na rejista, haikuwa na siku ya kuketi.

Na ushindi ulificha hiyo shida. Miaka ya 1982, 1983 na 1984 Ingwe ilichukua kombe la ukanda huu mara tatu mfululizo. Desemba 1987 Gor ikachukua Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia: mbili kwa mbili kule Tunis, moja kwa moja hapa Kasarani, tukashinda kwa magoli ya ugenini. Kasarani yenyewe ilikuwa bado inanuka rangi, imefunguliwa mwaka huo kwa ajili ya michezo ya Afrika. Nani angeuliza hesabu za geti usiku kama huo? Hata mimi nisingeuliza.

Njaa ndiyo inaleta maswali. Gor ilishika ligi 1995 halafu ikangoja mpaka 2013. Ingwe ilishika 1998, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuja kupiga kura 2017, akapiga tena 2022, bado anangoja. Katikati hapo wachezaji wamewahi kugoma kwa kukosa mishahara, na FIFA imewahi kuzifungia klabu zote mbili kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya watu waliozifanyia kazi. Huo ndio udongo ambamo neno "tususie" linaota.

Wale wa kususia hupenda kutaja Uingereza, kwa hivyo twende huko kidogo, kwa sababu mfano huo unatajwa nusu nusu.

Mei 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani ilinunua Manchester United kwa karibu pauni milioni 790, na sehemu kubwa ilikuwa pesa ya kukopa. Deni likawekwa kwa klabu yenyewe. Ni kama mtu anunue matatu yako kwa mkopo, halafu matatu ndiyo ilipe mkopo. Mashabiki walichemka, kisha wakapasuka mara mbili. Kundi moja lilisema hatuingii tena Old Trafford, na kiangazi hicho hicho likaunda timu yake, FC United of Manchester, mwanachama mmoja kura moja. Ilianzia ligi za chini kabisa, ikicheza kwenye uwanja wa kuazima kule Bury, na ikapanda daraja misimu mitatu mfululizo. Kundi lingine lilisema hatuwezi kumwachia Mmarekani timu ya babu zetu, tutabaki ndani na tutapiga kelele ndani.

Sasa angalia bei waliyolipa hao waliotoka. United ikachukua ligi 2007, 2008 na 2009. Ikachukua Ulaya 2008 kule Moscow. Kuna mtu aliyekuwa ameifuata tangu utotoni ambaye hakuingia uwanjani hata siku moja katika miaka ile bora. Na Glazer? Kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine Jumamosi iliyofuata. Mwaka wa 2024 Jim Ratcliffe alinunua kitu kama robo ya klabu, na familia bado ilibaki na sehemu kubwa. Kwa hivyo ukiuliza kama kususia kulimtoa mwenye mali, jibu ni hapana. Lakini ukiuliza kama kulizaa kitu, jibu lipo: kuna klabu pale Manchester yenye uwanja wake, uliofunguliwa 2015, ambayo hakuna bilionea anaweza kuinunua akiamka vibaya.

Mei 2, 2021 hao waliobaki walivamia Old Trafford na mechi na Liverpool ikaahirishwa. Sisi huku tulikuwa tumekaa mbele ya TV ya jirani, saa kumi na mbili na nusu jioni, tukingoja. Nilikuwa kijana mdogo na nakumbuka watu wazima walivyokasirika, si na Glazer, na mashabiki! Wametuharibia Jumapili. Mmoja alikuwa ameweka beti. Nilishangaa baadaye nilipofikiria: watu ambao kila wiki wanalia kuhusu ofisi za Gor na Ingwe waliwaona Waingereza wakifanya kitu kuhusu ofisi yao, wakawaita wahuni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wimbledon, London. Mei 2002 klabu ile iliruhusiwa kuhamishwa hadi mji mwingine, Milton Keynes, mbali kabisa, kama mtu achukue Gor aipeleke Nakuru aiite jina lingine. Pale mashabiki walisusia karibu wote. Wakaanzisha AFC Wimbledon, na 2011 ilikuwa tayari imerudi ligi za kulipwa. Kwa nini pale kususia kulishika na Manchester kukagawanyika? Kwa sababu Wimbledon kitu chenyewe kiliondoka mtaani. Hakukuwa na cha kurudia. Manchester timu ilikuwa bado pale pale, ikishinda, na jirani yako ana tiketi ya ziada.

Halafu kuna Liverpool, Februari 2016. Wenye klabu walitangaza kwamba msimu unaofuata kungekuwa na tiketi ya pauni 77. Mashabiki hawakususia. Walilipa, wakaingia, wakaimba, timu ikaongoza mabao mawili dhidi ya Sunderland, na dakika ya 77 maelfu wakasimama wakatoka. Mechi ikaisha mbili kwa mbili. Siku chache baadaye wenye klabu wakafuta ile bei na kuomba radhi. Kaa na hiyo stori, nitairudia.

Turudi kwetu. Shida ya kubeba mfano wa Glazer mpaka Kawangware ni kwamba sisi hatuna Glazer. Hakuna mtu mwenye karatasi inayosema Gor ni yake ama Ingwe ni yake. Klabu ya Manchester inakula kwa TV ya dunia nzima, jezi, matangazo. Geti ni sehemu moja tu. Huku kwetu, mdhamini anaweza kuondoka asubuhi moja, kama SportPesa ilivyoondoka 2019 ilipogombana na serikali kuhusu leseni na kodi, na klabu ikabaki inaangalia geti. Ile mia mbili yako ya mlangoni ndiyo nauli ya timu kwenda Mumias. Ndiyo chakula cha kijana wa miaka 19 anayecheza winga na analala kwa mtu. Sisemi yote inafika huko. Kama yote ingefika, hii posti isingekuwepo. Nasema ukiikata, wa kwanza kuhisi ni yule winga. Mkubwa wa ofisi ana kazi yake ya mchana.

Na hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu tulishajaribu. Korona ilipokuja, msimu ulioanza mwisho wa 2020 ulichezwa bila mashabiki. Maana yake Kibera nzima na Kawangware nzima zilisusia kwa lazima, kikamilifu, bila hata msaliti mmoja wa kuruka ukuta. Hakuna kiongozi wa mashabiki ambaye angeweza kupanga kitu kikali hivyo. Je, wakubwa walitoka? Hakuna aliyetoka kwa sababu ya viti vitupu. Waliolia ni wachezaji, wauza njugu, vijana wa kuuza jezi pale nje, na kondakta wa mat za Jogoo Road. Nikimkumbusha baba hilo, ananyamaza, halafu anasema kuna tofauti kati ya uwanja uliofungwa na uwanja uliokataliwa. Ana hoja. Askari akifunga mlango, haisemi chochote kuhusu wewe. Lakini bado kwa mchezaji njaa ni ile ile.

Upande wa mjomba nao una kasoro yake. Anasema timu ni kama mtoto, huwezi kumnyima chakula kwa sababu baba yake ni mlevi. Inasikika vizuri sana. Lakini mtoto huyu amelishwa kwa mikono hiyo hiyo tangu mjomba akiwa kijana na bado ana njaa, sasa mjomba anaongeza tu chakula kwa sahani ya mlevi. Na kuna aibu nyingine ambayo wanaokwenda hawaitaji. Angalia timu za mashirika: polisi, jeshi, benki, bandari, kiwanda cha bia. Wachezaji wao wana mwajiri. Mechi zao nyingi hazina watu, na hakuna aliyesusia, ni vile tu hawana watu. Na 2025 Kenya Police ikachukua ligi. Ule wimbo wetu kwamba kelele za mashabiki ndizo zinajenga klabu, msimu ule ulikosa shahidi.

Kenya tumewahi kuona kususia kukifanya kazi, ila waliosusia walikuwa klabu zenyewe. Mwaka wa 2003 klabu kadhaa zilichoka na shirikisho la wakati huo, KFF, zikajitoa, zikacheza kombe lao wakaliita Transparency Cup. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya ligi ambayo klabu zenyewe zilikuwa wenye hisa, na miaka iliyofuata pesa za televisheni zilianza kuonekana. Ilidumu mpaka 2020 shirikisho liliporudisha ligi mikononi mwake. Kilichofanya ile ya 2003 ishike si hasira. Hasira ilikuwepo miaka yote. Ni kwamba waliotoka walikuwa na pa kwenda, walikuwa na ratiba, na walikuwa na haki ya kupiga kura kwenye kitu walichokuwa wanakiacha.

Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana kwetu, na hapa najua nitapoteza wafuasi. Shabiki si mwanachama. Unaweza kuwa umevaa kijani tangu tumboni mwa mama, umetembea kwa miguu kutoka Laini Saba mpaka Jogoo Road, umelia 2013 kombe liliporudi, na kisheria wewe si mtu wa klabu. Mwanachama ni yule aliyejiandikisha, akalipa ada, akawa na jina kwenye rejista. Yeye ndiye anaweza kusimama kwenye mkutano mkuu akauliza hesabu. Yeye ndiye anapiga kura. Tangu Sheria ya Michezo ya 2013, vyama vya michezo vinatakiwa visajiliwe kwa Msajili wa Michezo, viwe na katiba na uchaguzi. Mlango upo. Ni mdogo, wakati mwingine ukiusukuma unaambiwa rejista haipatikani leo, rudi wiki ijayo. Lakini nimekaa baze za Kibera na za Kawangware, nikauliza swali moja: nani ana kadi? Kila mara kuna kimya, halafu mtu anabadilisha stori anaanza Arsenal.

Watanzania walituacha kwa hilo, na si kwa sababu wanapendana. Simba ilizaliwa 1936 baada ya watu kugombana ndani ya Yanga wakaondoka. Miaka ya 1970 Yanga ikapasuka tena, ikazaliwa Pan African. Kule ugomvi ni wa wanachama, wenye kadi na matawi, kwa hivyo ugomvi unazaa kitu. Na Mohammed Dewji alipotaka kuingia Simba na shilingi zao bilioni 20, ilibidi swali lipelekwe kwa wanachama, 2017, na serikali ikashikilia wabaki na asilimia 51. Unaweza kubishana kama mpango ule ni mzuri. Wao wenyewe hawajamaliza kubishana. Ila angalau bilionea alilazimika kuomba ruhusa kwa mtu wa kawaida wa Kariakoo. Akija bilionea kesho anataka Ingwe, ataomba ruhusa kwa nani pale Kawangware? Kwa mjomba? Mjomba hana kadi. Nimemuuliza.

Baba naye hana. Miaka yote hiyo ya kususia, na hakuwahi kuwa na kura ambayo angeweza kuinyima ofisi. Alichowanyima ni mia mbili, na walipata mia mbili ya mtu mwingine.

Kwa hivyo mimi niko wapi? Siungi mkono uwanja mtupu, na siungi mkono kwenda kama ng'ombe wa kupelekwa. Watu wakitaka nisusie, waniambie tunasusia mpaka nini kifanyike. Hesabu za geti zibandikwe? Rejista ifunguliwe tarehe fulani? "Mpaka watoke" si sharti, ni duwa. Na ile pesa ambayo hatukulipa getini iende kwa kadi, tuanze kuwa watu kwenye daftari. Ada ya uanachama siyo ya kuua mtu. Wengi wetu tunaitumia kwa bando za wiki mbili.

Na kwa dabi inayokuja nina pendekezo, nimelitupa kwa watu wa pande zote mbili na bado wanalitafuna. Tuifanye ile ya Liverpool. Tulipe, tuingie, winga apate nauli yake, tuimbe mpaka sauti zikauke. Halafu Ingwe wasimame dakika ya 64, kwa sababu ya 1964, watoke na isikuti zao. Gor wasimame dakika ya 68, kwa sababu ya 1968. Kamera ziko pale, wadhamini wako pale wanaangalia matangazo yao yakibaki na viti. Kitu cha kwanza ambacho Kibera na Kawangware zimewahi kupanga pamoja bila harusi.

Baba amesema akisikia watu wamekubaliana kabisa, kabisa, atakuja, akae Russia mpaka dakika ya 68. Mjomba hajakubali. Ameuliza swali moja tu: na kama Ingwe wakifunga dakika ya 65?